Diwani Aliyesomewa Hotuba Zake

Siku hizi watu wanaandika kwenye simu huku wanatembea. Sisi tulikuwa na taipureta, jamani, na ofisi nzima ya halmashauri ilinukia wino na karatasi za kaboni. Nikikumbuka nasikia raha, halafu roho inaniuma.

Diwani wetu tulimwita Miwani, maana alikuwa nayo ila hakuivaa. Maringo tu! Kwa hiyo nikimaliza kuchapa hotuba yake ilibidi nimsomee kwa sauti, aikariri. Miaka tisa nilimsomea, na mengi yalikuwa ya hovyo, nikasoma bila kupepesa jicho.

Siku moja ilikuwa hotuba ya kuunga mkono kufungwa kwa wodi ya wazazi ya mtaani kwetu. Chama kilishaamua. Binti yangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Nilipofika kwenye "akina mama watatumia hospitali ya mjini," nikanyamaza.

"Soma, dada."

"Sisomi! Mwanangu atafikaje huko na uchungu? Kwa miguu? Jisomee mwenyewe!"

Loo! Nikajua kazi sina tena. Miwani akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akasoma karatasi yote polepole. Kisha akauliza, "Tangu lini unafikiri hivi?"

"Tangu zamani. Hukuniuliza."

Kesho yake alisimama kikaoni akapinga, na wenzake kadhaa wakamfuata. Wodi ikabaki. Mjukuu wangu akazaliwa pale, dakika tano kutoka nyumbani. Chama kikamtimua Miwani, na uchaguzi ulipofika akagombea kupitia chama kingine kidogo.

Sasa mimi, chama hicho nilizaliwa ndani yake. Kura yangu ya kwanza marehemu baba alinipeleka mwenyewe, na tangu hapo sikuwahi kuitazama karatasi mara mbili. Siku ya uchaguzi huo niliingia kupiga kura na mjukuu mgongoni. Nikaona ile alama niliyoizoea, nikatia tiki, nikakunja, nikatumbukiza. Nilikuwa nimeshafika nje, nambembeleza mtoto, ndipo nikashtukia nilichofanya.

Miwani alishindwa kwa kura kumi na moja. Alipokuja kuchukua vitu vyake ofisini, alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Basi tu, dada. Wewe angalau najua ulinipa."

"Nilikupa, Mheshimiwa," nikasema.