Aina ya Hamsini na Tatu

Ilikuwa mwaka 2024, mvua za masika zikiwa zimekolea, na Kwaresima na Ramadhani zikienda sambamba. Katika maabara ndogo ya Ntinda, Alanyo alikuwa akitafuta bakteria wa kutengenezea harufu ya vanila, lakini kila aina aliyoijaribu iliila harufu hiyo: kimeng'enya chake kiliigeuza, ndani ya siku moja, kuwa kitu kisichonusika. Aina arobaini zilikuwa zimeshindwa. Asipopata hata moja ifikapo Jumanne baada ya Pasaka, kazi yake ya miaka miwili ingefungwa.

"Uliwatoa wapi hawa?" akauliza Kasim, fundi mwenzake.

"Kwenye ghala la vanila. Nilidhani wameizoea."

Kasim akacheka hadi akaegemea meza. "Dada Alanyo! Wameizoea, ndiyo, kama chakula! Umeajiri walafi wakulindie jiko."

Alanyo alitaka kukasirika, akashindwa. Maneno yalikuwa ya kweli. Papo hapo wakashuka sokoni Owino, wakanunua unga wa ulezi uliochachuka kwa wauzaji watano, kwa kuwa bakteria wa humo hawakuwahi kukutana na vanila. Kufikia Jumamosi walikuwa na aina sitini, kila moja chupani mwake pamoja na vanila kidogo. Kesho yake, Pasaka, zingetiwa dawa inayogeuka nyekundu pale tu harufu inapokuwa imesalimika.

"Nenda kanisani," Kasim akamwambia. "Mimi kesho sina sikukuu, nina funga tu."

Jumapili alasiri, Alanyo akiwa mezani kwa mama yake huko Mbuya, simu ikalia.

"Dada, acha kula! Hamsini na tatu ni nyekundu!"

"Umeirudia?"

"Mara tatu! Nyekundu kama pilipili!"

"Na pua yako inasemaje?"

"Nimefunga tangu alfajiri, na chupa inanukia keki. Inanitesa!"

Alanyo aliteremka kilima mbio na gauni lake la Pasaka, akafika maabara, akanusa, akapiga vigelegele hadi walinzi wakachungulia. Jumanne kazi ikaongezewa mwaka mzima.

Asubuhi ya Idi, Kasim alipitia maabara akiwa na kanzu mpya, ili apime chupa kabla ya swala. Alimkuta Alanyo ameshavaa koti jeupe.

"Zamu yangu ya Pasaka uliishika wewe," Alanyo akasema, akimpokonya funguo. "Idi yako naishika mimi. Nenda, watoto wanakungoja."

Akainama, akaanza kupima.