Ngozi ya Dunia Imewambwa Maneromango

Usiku wa jana niliota sufuria ya mama imekataa kupokea maji.

Nimeinama jikoni na kata mkononi, namimina, na maji yanateleza juu yake kama juu ya meza, yanamwagika sakafuni. Nikaiuliza ina nini. Sufuria ikajibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kueleza, kwamba haina ndani. Haijawahi kuwa na ndani. Yenyewe ni picha bapa, na miaka yote hiyo ya wali na maharage ilikuwa inatufanyia hisani tu.

"Lakini jana tulikula," nikasema.

"Mlikula picha, mkapata picha ya shibe. Kuna aliyelalamika?"

Nikakiri hakuna.

Basi nikavuta kigoda nikaketi, ikanieleza. Dunia haina kina. Urefu upo, upana upo, kina ni pambo. Kila kitu, kuanzia mawingu mpaka kisigino changu kilichopasuka, kimeandikwa kwenye ngozi moja kubwa iliyowambwa pembeni mwa dunia, kama ngozi ya ngoma. Sisi tulioko huku ndani ni mlio wake. Ikaniuliza, ukiipasua ngoma tumboni unakuta nini. Nikasema hewa. Ikasema basi, wewe ni hiyo hewa, ila umepewa jina.

Habari hii haikunitisha hata kidogo. Nilikuwa na swali moja tu, kwamba mtu akifa anafutwa kwenye hiyo ngozi au vipi.

"Ngozi haijui kufuta," ikasema sufuria. "Hata maji uliyomwaga sasa hivi yameandikwa."

Hapo moyo ukaanza kunienda mbio, na lazima niseme sababu. Dada yangu Sikudhani alifariki kabla ya masika. Sura yake ninayo, nguo zake ninazo, lakini kicheko chake kimenitoka. Siku, kama tulivyomwita nyumbani, alikuwa akicheka mpaka wapita njia wanasimama. Mimi ndiye mkimya wa nyumba, hata chafya napiga kwa adabu, na yeye alicheka kwa niaba yetu wote. Wiki hizi nikikitafuta kile kicheko kichwani, nauona mdomo wake uko wazi na hakuna sauti inayotoka. Naandika kila ninachokikumbuka juu yake kisije kikapotea nacho, ila kicheko hakiandikiki.

Nikauliza ngozi iko wapi. Sufuria ikasema iko Maneromango, nyuma ya soko, na kwamba mtu mwenye haraka haagi.

Sikuaga. Naweka kata chini, na jikoni kunakwisha.

Sasa niko kwenye darasa la fizikia la shule yetu ya sekondari. Katikati ya madawati umeota mnazi na hakuna anayeshangaa. Juu ya meza ya mwalimu rula ya mbao inalia kwa kwikwi. Inasema maisha yake yote imepima kina cha vitu, na leo asubuhi imeambiwa hakukuwa na kina.

"Nilipima ndoo," inasema. "Nikatoa na jibu. Watoto wa watu wakaliandika kwenye mtihani."

Naipa pole, naishika mkono kwa namna mfiwa anavyoshikwa. Rula inajipangusa na kuniambia na wewe pole kwa dada. Kisha inanionyesha upenyo kati ya ubao na ukuta, mwembamba kuliko unyasi. Nageuka nipite kwa ubavu, naona sina ubavu. Napita vizuri sana.

Maneromango ilikuwa palepale nyuma ya ubao. Na ngozi nikaiona. Imesimama nyuma ya mafungu ya nyanya, kushoto haina mwisho na kulia haina mwisho, rangi yake ni ya mbuzi, na hapa na pale ina manyoya ambayo aliyeiparua aliyaruka kwa haraka zake. Nilitaka kukimbia na kucheza na kulia kwa wakati mmoja. Nilichofanya ni kunyoosha gauni.

Mlinzi wa ngozi alikuwa Lugusha, mtani wetu, yule Mnyamwezi fundi redio. Siku ya mazishi ya dada, Lugusha alijifunga khanga ya marehemu, akapita mbele ya wafiwa akitembea kama yeye, akapakua pilau bila kukaribishwa, akaiga na kicheko chake. Ndiyo kazi ya mtani msibani, na Mzaramo hana ruhusa ya kumkasirikia. Ila kicheko alikikosea. Kilikuwa kama pampu iliyokauka. Katika ndoto bado alikuwa amevaa ile khanga.

Nikamwamkia.

"Mzaramo, umefuata nini huku? Leo hakuna ngoma."

"Na hii ni nini?"

"Hii ni dunia. Rudi nyumbani, tutawatuma watu wawaite siku ya kucheza."

Nikamjibu kwamba babu zake walipita hapa na pembe za ndovu kichwani na hawakuzuiwa na mtu, kwa hiyo anipishe. Akafurahi. Nikamweleza shida yangu. Akasema kicheko kipo, kimeandikwa upande wa chini karibu na mafungu ya nyanya, lakini mvua za masika zimeilegeza ngozi, na ngozi iliyolegea haitoi mlio. Hilo halikuhitaji maelezo. Kwetu ngoma haipigwi kabla ya kuoteshwa moto. Unaiweka karibu na makuti yanayowaka, ngozi inakaza, ndipo inasema.

Tukawasha makuti. Mimi ambaye sijawahi kukimbia mbele za watu nilikuwa nakimbia huku na huku na kuni kifuani, na kila muuza nyanya ananiambia ongeza. Nikagonga kwa vidole. Ngozi ikatoa kikohozi cha dada. Nikagonga tena, zikatoka kandambili zake zikiburuza uani. Mara ya tatu hakikutoka kitu, alitoka mwenyewe.

Alisimama kati yangu na moto, wa mwanga mtupu, nyanya zikionekana kupitia tumbo lake.

"Kondo," akasema, "hilo gauni si langu?"

"Wewe ulikufa."

"Ndiyo ruhusa?"

Nikamwambia nitalifua nilirudishe kwenye sanduku. Akasema atalikagua pindo. Akaniangalia tena nilivyosimama na makuti begani kama mwizi wa paa, akarudisha kichwa nyuma, akafungua mdomo. Sauti haikutoka.

Nikamwambia Lugusha aongeze moto. Akasema ngozi haisukumwi. Sikumsikiliza. Nilikuwa karibu mno, niliona mabega ya dada yangu yakitikisika kwa kicheko nisichokisikia, nikalitupa tita lote la makuti kwa mara moja.

Ngozi ikakaza, ikalia kidogo, ikachanika. Mpasuko ulianzia kwenye nyanya, ukapanda, ukapita mawinguni, na dunia ikaanza kudondoka vipande vipande, taratibu, kama majani ya mwembe wakati wa kiangazi. Dada akaenda navyo. Nilibaki na mkono nimeunyoosha.

Nikakaa chini. Nikawaomba radhi wauza nyanya kwa kuharibu dunia. Wakasema haidhuru, hata hivyo biashara ilikuwa mbaya.

Lugusha akaokota kipande kidogo kama ukucha, akanipa nitazame. Ndani yake kulikuwa na soko zima, na moto, na Lugusha akiokota kipande, na Sikudhani mzima kuanzia utosi mpaka kandambili, ila hafifu, kama mtu aliye nyuma ya moshi.

"Ngozi hii ndivyo ilivyo," akasema. "Uichane uwezavyo, kila kipande kinabaki na picha yote. Kinachopungua ni mwanga."

Nikainuka mbio nikaanza kuokota. Kila kipande naweka sikioni. Dada yumo, anatikisika, hasikiki. Naokota kingine. Yumo. Hasikiki. Nikamuuliza Lugusha kipande kikubwa kimeangukia wapi.

Akanitazama juu mpaka chini kama anayenunua mbuzi.

"Umelala kitanda kimoja na yule mtu tangu mnalishwa uji," akasema. "Kipande kikubwa ndicho kinachoniuliza maswali."

Nikamwambia mimi sijui kucheka. Akaikaza khanga ya dada kiunoni, akatembea mbele ya wauza nyanya akitikisa bega moja, bega lisilo lenyewe, kisha akarudisha kichwa nyuma akatoa ile pampu yake iliyokauka. Wauza nyanya wakapiga makofi. Nilitazama mara ya kwanza nikavumilia. Mara ya pili sikuweza.

"Sivyo," nikasema.

"Ndivyo. Mimi namjua kuliko wewe."

"Sivyo, Lugusha. Hakianzi kooni."

"Kinaanzia wapi, Mzaramo? Kumbe mmemzika mtu msiyemjua."

Nikamwonyesha. Kilianzia kwenye visigino. Kikapanda, kikakwama kifuani, kikatoka kwa mkupuo kama mtu aliyemwagiwa maji ya mtungi, na kabla hakijaisha cha pili kikakirukia mgongoni, na mwishoni kile kifilimbi kidogo cha kuvuta pumzi, ambacho nilikuwa nimesahau hata kwamba nimekisahau. Nilicheka dunia nzima ikiwa imelala chini vipande vipande, na vyote vikawaka.

Nikazinduka. Dirishani kumepambazuka. Nimeketi kitandani, mdomo wazi, koo linawaka moto.

Ng'ambo ya ukuta mama akasema, bado yumo usingizini, kwa sauti nzito ya kukaripia ambayo sijaisikia tangu msiba:

"We Siku, punguza sauti, watu wamelala."

Nikasikia kitanda chake kikilia, ameamka, ameketi. Nilizuia pumzi.

"Kondo," akaita.

"Abee, mama."

"Hebu rudia."