Mama Anapiga Simu

Mama alifika saa nne kasoro dakika tano, viti vya kukodi vikiwa bado vinapangwa uani. Alikuwa amezikwa mwaka mmoja uliopita, tarehe kama ile. Alivua ndala mlangoni kama kawaida yake, akamkuta binti yake wa mwisho, fundi cherehani, akipiga pasi vitambaa vya meza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Fundi alimpa maji. Mama aliyanywa yote, akaitazama picha yake kubwa iliyozungushiwa maua, akasema mpiga picha alijitahidi. Kisha akaeleza kilichomleta. Amepewa ruhusa mpaka watu watakaponyanyuka vitini, si zaidi. Anataka kumuuliza mwanawe wa kwanza kama kile kikohozi kilipona.

Fundi alikijua kikohozi hicho. Miezi sita ya mwisho mama alilala chumba cha nyuma, na kila jioni aliomba apigiwe yule kijana wake, meneja mzima. Kijana alijibu maneno yale yale: nipo kikaoni, nitakupigia. Siku moja alikohoa kabla ya kukata, na mama hakupata usingizi. Alikufa ameishika simu, akisubiri apigiwe, na ni fundi aliyeibandua kutoka vidoleni. Hilo hakumsamehe kaka yake, wala hakuwa na mpango huo.

Meneja alikuja saa tano na suti mpya, wakubwa wa kazini kwake wakimfuata nyuma. Alimkuta mama safu ya mbele.

"Aa, mama, umekuja! Pole na safari. Hebu sogea nyuma kidogo, hapa pana wageni wangu."

"Kaka, mama ana neno moja tu na wewe," fundi alisema.

"Ratiba imebana. Baada ya hotuba."

Mama alihamia safu ya mwisho, karibu na masufuria. Shangazi alimsogezea kiti, akamuuliza kama huko kuna baridi. Mama akasema ya kawaida tu. Fundi damu ilimchemka mpaka masikio yakavuma.

Hotuba ilikuwa kurasa nne. Ilimtaja mama kama nguzo, taa na mwalimu, na haikutaja kile chumba cha nyuma hata mara moja.

"Jamani, wapendeni wazazi wenu wangali hai," alisema meneja, akachomoa leso nyeupe. "Mimi leo ningepewa dakika moja na mama yangu, moja tu..."

Fundi aliingia ndani, akaitoa kabatini simu ya mama ya vitufe, ambayo alikuwa akiichaji mwaka mzima. Alichuchumaa kando ya kiti, akabonyeza namba, akamwekea mama sikioni.

Simu ya meneja ikalia. Aliitoa, akatazama kioo. Kilionyesha jina: Mama. Akaikata, akawaomba radhi wageni, akaandika kitu upesi kwa dole gumba. Ujumbe uliingia kwenye simu ya mama. Herufi ndogo zilikuwa zinamshinda siku nyingi, akampa fundi amsomee.

"Nipo kwenye shughuli. Nitakupigia."

"Basi ana kazi," mama alisema. "Msimsumbue."

Wageni walilia, wengine kwa sauti. Hotuba ilipokwisha walinyanyuka wote kupiga makofi, na kiti cha mama kikabaki kitupu, simu imewekwa juu yake. Fundi alitamani kuzichana zile kurasa nne na kumlisha aliyeziandika.

Meneja alikuja akijifuta uso.

"Mama yuko wapi? Nataka tupige naye picha."

"Ameondoka."

"Si ungemwambia asubiri kidogo? Na wewe nawe!" Alitazama saa yake. "Haya, basi mwakani."

Aligeuka kuwafuata wageni wake, akakohoa. Kikohozi kilikuwa kile kile, kikavu, kirefu, mpaka akashika nguzo ya hema. Fundi aliichukua simu kitini, akaenda kuichomeka kwenye chaji.