Dushi Iliyochoka Kungojea Maji

Siku ya Jumamosi, saa tatu asubuhi, Papa Ignace alikunja suruali mpaka magotini, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye kona ya kiwanja, nyuma ya chumba chake cha kulala, kisha akanyoosha mkono pembeni kana kwamba anavuta karatasi. Alikuwa anapima mahali pa kiti cha choo. Fundi Cédrick alisimama mbele yake na metre ya kupimia, akaandika: kutoka goti mpaka ukuta, sentimita arobaini.

"Na nikiinama?"

"Inama tuone, Papa."

Papa Ignace akainama. Kichwa kikagonga ubao uliosimama badala ya ukuta.

"Andika sitini," alisema.

Dushi, yaani chumba cha kuogea chenye choo, ingekuwa ya metre mbili kwa moja na nusu, imeshikamana na chumba cha kulala. Papa Ignace alikuwa amefanya kazi kwenye gare ya reli miaka thelathini, kwa hiyo plan aliichora nyuma ya ratiba ya zamani ya treni, kwa wino mwekundu na wa bluu. Mlango ufunguke kuelekea chumbani, usigonge kiti cha choo. Lavabo ya kunawia ikae kwenye kona, ili anayenyoa ndevu na anayetoka kuoga wapishane bila ajali. Sakafu iteremke vidole viwili kuelekea tundu la maji. Kuta zivae karo, vigae vyeupe, mpaka kifuani. Na robine tatu za kufungulia maji, zote za kung'aa.

Mke wake, Mama Huguette, alifika na bidon ya maji ya litre ishirini kichwani, ya tatu asubuhi hiyo. Kutoka ziwani mpaka mlangoni kwao ni hatua mia nne na kumi na mbili, na hakuna hata moja inayoteremka. Shingo yake ilikuwa imeanza kulia kama bawaba. Aliitazama plan bila kutua mzigo.

"Pipa litakaa wapi?"

"Pipa gani?"

"La maji, Papa Gracia. Jenga kule upande wa chini wa kiwanja, toboa kidirisha kwa nje, nikifika nimwage tu. Utaniondolea hatua makumi tatu."

"Pipa ndani ya dushi ya karo! Watu watasema nini? Maji ya robine iko inakuja. Jina letu iko kwenye liste ya watu wanaongojea maji."

"Iko kwenye liste tangu mutoto wetu Gracia yuko shule ya maternelle. Leo mutoto wa Gracia njo iko maternelle."

"Si unaona? Tumekaribia."

Dushi iliisha kwa majuma matatu. Papa Ignace alifungua robine moja moja mbele ya majirani. Ya kwanza ilitoa hewa. Ya pili ilitoa hewa. Ya tatu ilitoa buibui, akatazama watu, akarudi ndani. Mama Huguette aliendelea kubeba, ila sasa alipitisha bidon saloni na chumbani, yaani hatua kumi na nne za nyongeza.

Dushi ilingojea mwezi mzima. Jumatatu iliyofuata, Papa Ignace alifungua mlango wa chumbani wa kuingia dushi, taulo shingoni, akakuta jua na kuku wa jirani. Dushi ilikuwa metre sita mbele, imeelekea ziwani.

Cédrick aliitwa. Alipima pembe zote nne, akaweka nivo ya kupimia usawa juu ya sakafu.

"Kazi yangu haina kosa. Haikuanguka, Papa. Inatembea."

"Na garanti?"

"Garanti ni ya kupasuka. Ya kutembea hatukuongea."

Ilishuka kilima polepole, kama mtu mzima aliyevaa viatu vya misa. Kwenye kiwanja cha jirani, Mama Émérence, ilisimama mpaka akamaliza kuanua ndagala zake, dagaa wa ziwani. Yeye alikuwa na lalamiko moja tu: "Imepita bila hata salamu." Ilipofika kwenye reli ikasimama tena, kama ilivyolelewa, kungojea treni ya Kabalo ipite. Treni ilipita siku ya nne. Jumamosi dushi ikakaa ukingoni, tiyo yake ya kuvuta maji ikajichovya ziwani. Robine zikakohoa, zikatema mchanga, ndagala mmoja, kisha maji.

Tangu hapo Papa Ignace alishuka kila asubuhi na taulo, majirani wakimsalimia njiani.

"Jambo, Papa. Kazini?"

"Hapana, naenda dushi."

"Haya, uoge vizuri."

Mama Huguette naye alishuka njia ileile na bidon tupu, akapanda nayo imejaa. Jikoni, sufuria na pipa vilikuwa vimebaki juu, na havikuonyesha dalili ya kusafiri.

Juma la pili alikuja bwana wa biro ya maji, ile ofisi yenye liste, kwa pikipiki, na kitabu cha registre kwapani. Alifungua robine zote tatu, akalowesha vidole, akavipangusa kwenye suruali.

"Nyumba hii iko na maji," alisema.

"Dushi njo iko na maji," Mama Huguette akamjibu. "Nyumba iko kule juu, unaiona?"

"Mama, dushi ni chumba cha nyumba. Plan ya bwana wako njo inasema."

Papa Ignace alifurahi sana kusikia kwamba plan aliyoiacha ofisini inasomwa kweli. Bwana wa maji akaomba rula, akalipiga jina lao mstari mmoja ulionyooka, akawatoa kwenye liste.

Kesho yake Mama Huguette alijaza bidon, akaiweka kichwani, akageukia kilima. Sauti ikatoka ndani ya dushi.

"Mama Gracia! Sabuni imebaki nyumbani! Niletee mbio, nimekwisha kujimwagia maji!"

Hakugeuka. Mwenye bidon iliyojaa kichwani hageuki.

"Ngojea, Papa Gracia," alisema, akikanyaga hatua ya kwanza kati ya mia nne na kumi na mbili. "Jina lako nimeandika kwenye liste."