Mbuzi wa Twaiba kwenye Tuzo ya Korosho

Orodha ya vitabu vitatu vya mwisho vinavyowania Tuzo ya Korosho ilipotangazwa, cha Mwanapili kilikuwamo, alhamdulillahi. Balaa ni kwamba na cha Twaiba kilikuwamo.

Bongwe nzima ilijua nani mwenye hadithi. Ukitaka kujua nani kaposwa na nani kaachwa, utapita kwa Mwanapili ununue viazi vya karai, uondoke umeshiba tumbo na masikio. Twaiba alikuwa mwalimu wa chekechea, mpole, ukimwita ataitika labeka kisha anyamaze. Huyo hadithi kaitoa wapi? Mwanapili aliwauliza wateja wake wiki mbili nzima, na kila aliyejibu kwamba kitabu kile kitamu alipewa viazi vilivyopoa.

Tuzo hiyo ya watoto ilikuwa na desturi yake. Mwandishi hasomi kitabu chake, husoma cha mwenziwe. Kisha kila mtoto hupewa korosho moja, akaitie katika kikapu cha kitabu anachotaka kwenda nacho nyumbani. Siku ilipofika, ukumbi ulioko Ukunda ukajaa watoto mpaka madirishani. Kura ya nani asome cha nani ikapigwa: Twaiba akaangukia kitabu cha mzee Kalama wa Kinango, Kalama akaangukia cha Mwanapili, na Mwanapili, wa mwisho kusoma, akaangukia cha Twaiba.

Moyoni alicheka. Angekisoma kama mtu asomaye karatasi ya dawa.

Twaiba alisoma vizuri, kwa sauti yake ndogo. Mzee Kalama, kwa adabu zake, alitaka sana kumtendea haki mwenziwe. Alisoma taratibu, na alipoona dakika zinakwisha akawasimulia watoto yaliyobaki, mpaka mwisho, wasije wakarudi makwao na dukuduku. Mwanapili akamshukuru kwa macho.

Ikawa zamu yake. Ukurasa wa kwanza aliukokota. Mbuzi katoroka mnadani Kinango, kapanda lori la mahindi, kateremkia kwenye hoteli Diani, kala maua ya bibi harusi. Huko nyuma mtoto mmoja akacheka. Mwanapili akisikia kicheko hajiwezi. Ulimi ukamfunguka: mara ni mbuzi, mara ni meneja anayesemea puani, na ukumbi mzima ukawa hoi. Alikuwa katikati ya raha alipomwona Twaiba naye akifuta machozi ya kucheka, ndipo akakumbuka vicheko vile ni mali ya nani. Mbuzi alikuwa amesimama mbele ya lifti, mlango unafunguka.

Mwanapili akakifunga kitabu. "Muda wangu umekwisha," alisema, na dakika tatu zilikuwa zimebaki. Watoto wakaguna. Akaketi ameridhika. Na wabaki na kiu yao.

Korosho zilipohesabiwa, kikapu cha Twaiba kilikuwa kinamwagika. Cha Mwanapili kilikuwa na tisa, moja imeng'atwa. Msichana mmoja, Kache, aliulizwa kwa nini kachagua alivyochagua.

"Cha Da Mwanapili mwisho wake tumeshaujua," alisema. "Sisi twataka kujua kulikuwa na nani ndani ya lifti."

Mwanapili alitoka nje kabla ya makofi kwisha. Watoto wakamfuata, wakamzunguka pale ngazini wakimuuliza habari za lifti. Naye hakuzijua, kwa kuwa kitabu chenyewe alikifungua siku ile ile. Lakini kukosa la kusema mbele ya watu arobaini ni jambo ambalo halijapata kumfika. Akaketi, akamtia ndani ya lifti mpishi mwenye kisu, akamtorosha mbuzi hadi Shimoni, akampandisha kwenye mizani ya samaki, auzwe kama samaki changu.

Twaiba akatoka na cheti chake mkononi. Alisikiliza kwanza.

"Da Mwanapili, mbuzi wangu hakufika Shimoni."

"Ulimnyima safari, shoga. Keti nikufikishe."

Ngazi zilikuwa zimejaa. Twaiba alitazama pa kuketi, na Mwanapili hakujisogeza hata kidogo.