Mashine Iliyoogopa Ukuta

Jina la Bi Kelele alipewa na msimamizi wa kiwanda cha samani, akidhani anamtukana. Mwanamke akalichukua, akalivaa kama nguo ya kutokea. Siku alipofukuzwa pamoja na wenzake kwa kosa la kudai haki yao, msimamizi aliwasindikiza hadi getini. "Nendeni," akasema. "Mtarudi mkilia."

Hakuna aliyerudi kulia. Walirudi mara moja tu, kiwanda kilipokuwa kinatupa mitambo yake ya zamani, wakaondoka na mashine ya CNC, ile inayokata mbao kwa amri ya kompyuta, imelala juu ya mkokoteni kama mgonjwa. Sasa ilikuwa imesimama katikati ya karakana yao, imefutwa vumbi na kutiwa mafuta, na ilikuwa imegoma.

Na iligoma siku mbaya. Mkunga mkuu wa hospitali alitaka mlango wa wodi ya wazazi, wa ubao mmoja mzima. Ule wa zamani ulikuwa wa kuunga. Kwa kuoshwa kila siku, maji yaliingia kwenye viungo, ukavimba, ukakataa kufunga. "Kama hamuwezi, niambieni mapema niende kiwandani," alikuwa amesema, na mchana huo alikuwa anakuja kupata jibu. Bi Kelele alikuwa tayari kumeza misumari kuliko kumtuma mtu kwa msimamizi yule.

Kichwa cha kukatia kilikwenda, kikasimama kabla ya kufika mwisho wa meza, na ubao wa mlango ulihitaji meza yote. Skrini ikaandika: kikomo kimefikiwa.

"Kikomo gani, na nafasi iliyobaki mtu anaweza kulala?" akauliza wifi yake, dada wa mumewe, fundi wa kuunganisha samani. "Wametupa kilema hawa. Ndiyo faida ya kaka yangu kuoa mdomo!"

"Kaka yako alikuja kwetu kwa miguu yake, wifi. Tena alikuja mbio. Shika futi hapo."

Bi Kelele alijua pa kuanzia. Mota za mashine ile hutembea kwa hatua, na kompyuta huhesabu hatua hizo ikaamini inajua ilipofika, macho haina. Nao walikuwa wamebadilisha puli inayovuta mkanda, wakafunga ndogo zaidi. Akaiamuru iende milimita mia. Wifi akapima.

"Themanini. Mwongo huyu!"

"Si mwongo. Mguu umekuwa mfupi, yeye anahesabu kwa ule wa zamani." Akafungua mipangilio ya mota, akaitafuta namba ya hatua kwa kila milimita, akaizidisha kwa mia, akaigawa kwa themanini. Wakajaribu tena. Mia ikawa mia.

Lakini kichwa kilipotumwa mwisho wa meza, kilifika mbele zaidi kuliko mwanzo, kikasimama tena. Kikomo kimefikiwa.

Wifi akakaa juu ya kigogo. "Tumpigie mkunga simu. Aibu ya leo ni ndogo kuliko ya kesho."

Bi Kelele alikuwa anatazama pale kichwa kilipokwama.

"Wifi, ule ukuta unaukumbuka?"

"Upi?"

"Wa baada ya mgomo wa kwanza."

Wifi akainua uso. Nani angeusahau? Uongozi ulijenga ukuta katikati ya ukumbi ili wakataji na waunganishaji wasionane wala kusemezana. Wifi alibaki upande mmoja, Bi Kelele upande wa pili, wakawa wanasalimiana kwa kugonga matofali kwa nyundo. Na mwisho wa mashine hii ulikuwa umeugusa ukuta huo.

"Walifupisha kikomo chake, mkono unaobeba kichwa usije ukagonga," Bi Kelele akasema. "Kiungo hata kimoja hakijapungua. Hii inauogopa ukuta ambao haupo!"

"Maskini," akasema wifi, na safari hii hakuwa anatania.

Wakazima umeme, wakausukuma mkono wa mashine kwa mikono yao hadi kwenye mpira wa kizuizi. Wakapima safari yote, wakapunguza upana wa kidole ili mkono usije ukagonga na kukata mkanda, maana hawakuwa na mwingine. Bi Kelele akafuta kikomo cha zamani cha mhimili wa urefu, akaandika chao.

Ubao ukalazwa. Wifi akaweka kiganja juu ya kitufe chekundu cha kusimamisha. Kichwa kikashuka, vumbi la mbao likaruka, mkono ukaenda, ukaenda, ukakaribia pale.

"Pita, mwanangu," wifi akanong'ona. Kisha akapaza sauti: "Pita! Nani wa kukuzuia?"

Ukapita. Ukafika mwisho wa ubao, ukageuka kwa madaha, ukarudi ukikata ubavu wa pili. Wifi alikuwa ameshasahau kitufe, anapiga makofi.

Mkunga alipofika aliukuta mlango umesimamishwa, bado una joto la kisu. Akaupapasa mbele na nyuma, akitafuta mahali ulipoungwa.

"Mzima kweli," akasema. "Kule wodini wataniuliza mafundi ni nani. Niwaambie nini?"

Bi Kelele alifungua mdomo, wifi yake akamuwahi.

"Waambie ni wale waliofukuzwa. Na usinong'one, mama. Sema wasikie mpaka barabarani."