Mlango wa Dereva

Mlango wa dereva wa Landrova ile ulikuwa na kipande cha mpira wa tairi kilichoning'inia kwenye bawaba ya juu. Abiria wageni walidhani ni kazi ya fundi mzembe. Waliozoea njia za milimani walijua matumizi yake. Kila gari lilipofika kwenye mteremko walioubatiza Mtelezo, dereva, Gervas, aliufungua mlango mpaka mwisho, akaufunga kwa mpira ule usije ukajirudisha, kisha akateremka nalo akiwa ameketi nusu kiti, mguu wake wa kulia umetangulia nje, umekanyaga kizingiti. Mambo yakiharibika, angeruka. Gari lingekwenda lilikotaka kwenda, naye angebaki na roho yake.

Hakulisema hilo hata siku moja. Alichosema ni kwamba gari linataka wepesi. "Shukeni jamani, tulipunguzie mzigo," aliwaambia, na watu wakashuka na mikungu yao ya ndizi na kuku wao, wakateremka kwa miguu huku wakishikilia vichaka vya kando. Chini kabisa palikuwa na daraja la magogo juu ya kijito, na kabla ya daraja, upande wa kushoto, ardhi ilikatika ghafla ikaacha korongo. Watu walimsifu kwa uangalifu wake. Sifa zile zilimchoma, maana alijua fika kwamba ni woga mtupu.

Ajabu ni kwamba zamani hakuwa hivyo. Gari hilohilo aliliendesha miaka mingi lilipokuwa mali ya shirika la umma la kununua mazao, akapanda nalo Matombo na kushuka nalo Dakawa huku akipiga mluzi. Shirika lilikuwa na karakana, lina mafundi, lina ghala la vipuri, na lina wakubwa wa kulaumiwa. Kisha zikaja zama za ruksa. Shirika likavunjwa, magari yakapigwa mnada, na Gervas akaachiwa la kwake badala ya kiinua mgongo ambacho kila mtu alijua hakitatoka. Siku alipolifikisha nyumbani, mkewe Agnes alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Yeye aliingia uvunguni, akayaona mabomba ya breki yaliyoliwa na kutu na springi zilizochoka. Lilipokuwa la serikali hakuliogopa. Lilipokuwa lake, likamtia hofu, na hofu hiyo hakuwa na mtu wa kumsimulia.

Siku hiyo ya masika alikuwa amebeba jeneza. Ndani yake alilala Deogratias, kijana aliyekuwa akifanya kazi kiwandani mjini Morogoro mpaka kiwanda kilipofungwa, kisha akauza mitumba, kisha malaria ikampanda kichwani na kummaliza. Mama yake, Modesta, aliketi sakafuni nyuma, ubavuni mwa jeneza, mkono mmoja juu ya kifuniko. Mjomba wa marehemu, mzee Stefano, alikaa mbele, na ndugu wengine walijibana walivyoweza. Mvua iliwakuta Mkuyuni. Walipoipita misheni ya Matombo ilikuwa imekatika, lakini barabara ilikuwa imekwisha kunywa ya kutosha, na tope lake jekundu liling'aa kama limepakwa mafuta.

Juu ya Mtelezo Gervas alisimamisha gari. Mtu aliyepanda kutoka kijijini aliwasubiri hapo, suruali imekunjwa magotini. "Shikamoo, mzee," alimwambia Stefano. "Kaburi linaingia maji. Tunayachota, yanarudi. Padri ameshafika."

"Marahaba. Tunakuja," alisema Stefano.

Watu wote wakashuka, isipokuwa Modesta. Gervas alizunguka nyuma, akasimama mbele ya mlango uliokuwa wazi.

"Mama, naomba na wewe ushuke kidogo. Hapa gari linataka wepesi."

"Marehemu haachwi peke yake, baba."

Mzee Stefano alisogea. "Dada, shuka. Vijana wapo, watambeba mabegani mpaka chini."

Modesta alimgeukia kaka yake. "Baba yake mlimbeba mabegani," alisema. "Ilikuwa hapahapa. Mkateleza, mkamwangusha, jeneza likafunguka nikimwona. Huyu nimemtafutia gari ili asianguke."

Stefano aliinamisha kichwa, kwani yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wale waliobeba. Aliufunga mlango wa nyuma taratibu, akashika njia na wenzake.

Gervas alichuchumaa mbele, akazungusha vifungio vya magurudumu mawili ili na yenyewe yapokee nguvu ya injini. Aliingia, akavuta kigia chenye kichwa chekundu mpaka kikaingia kwenye gia nzito, akatia namba moja. Halafu mikono, kwa mazoea tu, ikausukuma mlango nje na kuufunga kwa mpira. Mguu wa kulia ukatoka.

"Mlango wako umeuacha wazi, baba," alisema Modesta kutoka nyuma.

"Ndivyo ninavyoteremkia hapa, mama."

Modesta alitazama mlango wa nyuma. "Na huu wa huku?"

"Kitasa chake cha ndani kilikatika. Unafunguliwa kwa nje tu."

"Haya," alisema Modesta.

Angemtukana, ingekuwa nafuu. Angelia, angemlaani, Gervas angepata la kujibu. Lakini ile "haya" ilisemwa bila kinyongo, kama mtu anayeambiwa kwamba chumvi imekwisha nyumbani, na Gervas akasikia aibu ikimpanda mpaka masikioni. Miezi yote hiyo hakuwahi kupanga kumwacha mtu ndani. Alichokuwa amepanga kuacha ni gari. Sasa ndani ya gari palikuwa na mama wa watu. Alifungua mpira, akaurudisha mguu ndani, akaubamiza mlango. Kisha akaachia klachi.

Kila dereva wa milimani anajua kwamba kwenye tope la mteremko breki haiguswi. Injini ndiyo inayolishika gari. Gervas alijua hivyo kuliko wengi. Lakini muda wote aliposhuka hapo mguu wake wa kulia ulikuwa nje, hauwezi kuifikia breki hata ungetaka. Woga wake wenyewe ndio uliokuwa ukimlinda. Sasa mguu ulikuwa ndani, juu ya breki, na korongo lilipoanza kuonekana kushoto, mguu haukuomba ruhusa. Ulikanyaga.

Magurudumu yakajifunga. Gari likaanza kuteleza bila sauti, tako lake likigeukia kushoto polepole, na usukani ukawa mwepesi mikononi. Gervas aliona ukingo ukija. Mkono wake ulikuwa umekwisha fika kwenye kitasa, hakujua umefikaje. Kitasa kilishuka nusu. Mlango ukalegea, upepo wa mvua ukampiga shavuni, na mwili wake wote ukataka kuufuata.

Nyuma, jeneza lilisogea na kugonga bodi. Akamsikia Modesta akisema chini kwa chini, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto aliyeshtuka usingizini: "Deo, tulia mwanangu. Tunafika."

Gervas aliachia kitasa. Kuuinua mguu kwenye breki kulikuwa kugumu kuliko kuruka. Kila kiungo chake kilimkatalia. Aliuinua. Magurudumu yakazunguka tena, na gari likaongeza mwendo kuelekea kule alikokuogopa. Akakanyaga mafuta kidogo, akaunyoosha usukani, akahisi magurudumu ya mbele yakishika, yakiachia, yakishika. Tako likarudi njiani. Kisha magogo ya daraja yakanguruma chini yake, na gari likasimama ng'ambo, kwenye majani.

Alishuka akijishikilia ubavuni mwa gari. Alifungua mlango wa nyuma. Modesta alikuwa pale pale alipokuwa, ila kanga yake ya pili haikuwa mabegani. Ncha moja ilizungushwa kwenye kishikio cha jeneza, na nyingine kiunoni mwake, imekazwa kwa fundo.

Gervas alilitazama fundo lile.

"Nilijifunga pale juu," alisema Modesta, "ulipouacha wazi mlango wako."

Wenzao walikuwa wakimalizia kuteremka, wengine wakiserereka kwa makalio. Mzee Stefano alifika wa kwanza, tope mpaka mapajani. Aliona kanga, akaelewa, akachomoa kisu kidogo mfukoni ili alikate fundo.

"Ngoja, mjomba," alisema Gervas. "Nitalifungua."

Akapiga magoti sakafuni mwa gari. Fundo lilikuwa limekazwa na safari yote ile, na vidole vyake vikakosa, vikarudia. Kule mbele mlango wa dereva, aliouacha wazi aliposhuka, ulikuwa ukipigwapigwa na upepo. Modesta aliinua mikono yake kidogo ili asimzuie, akangoja.